Bila kompyuta, Scratch, Python au micro:bit: darasa lako lianze na kipi?

Mwalimu mmoja wa hisabati wa shule ya kata, upande wa Pasua hapa Moshi, alinipigia simu wiki ya kwanza ya muhula. Mkuu wake wa shule alikuwa amemkabidhi "hayo mambo ya kufikiri kama kompyuta", basi, bila maelezo zaidi. Kidato cha Kwanza ana wanafunzi 71. Chumba cha kompyuta kipo, kina mashine 12, zinazowaka ni 7. "Sasa kaka, nianze na nini?" Wiki hiyo hiyo dada mmoja anayefundisha shule ya bweni ya wasichana huko Kibosho akaniuliza karibu swali hilo hilo, ila yeye ana mashine 30 na jenereta. Niliwapa majibu mawili tofauti, wakaja kukutana kwenye semina na kuniona kigeugeu. Nimeandika haya ili nijieleze.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Fikra za kikompyuta si ufundi wa kompyuta, wala si kujua kuchapa barua. Ni namna ya kulishika tatizo: unalivunja vipande, unatazama kipi kinajirudia, unaweka kando yasiyohusika, halafu unapanga hatua ambazo hata mtu asiyekujua anaweza kuzifuata akafika. Jina hili lilienea baada ya Jeannette Wing, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta huko Marekani, kuandika makala fupi mwaka 2006 akidai kwamba ujuzi huu ni wa kila mtu, kama kusoma, kuandika na kuhesabu. Wazo lina umri mkubwa zaidi ya hapo. Seymour Papert na wenzake walitengeneza lugha ya Logo kwa ajili ya watoto mwaka 1967. Na huku kwetu wazee wa mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga wa kumwagilia mashamba, hawakumsubiri yeyote kati ya hao. Kugawa maji ya mfereji mmoja kwa vihamba (mashamba ya nyumbani) ishirini, kila kimoja zamu yake, bila ugomvi, ni kazi ya kupanga hatua na masharti. Nitaurudia mfongo baadaye, maana umenisaidia darasani kuliko projekta.

Vigezo

Njia nne ninazolinganisha nimezipima kwa mambo matano yale yale. Vifaa, nikiwa na maana ya mashine pamoja na umeme. Maandalizi ya mwalimu, kwa sababu mwenye vipindi 28 kwa wiki hana usiku wa kujifunza lugha mpya ya programu. Darasa kubwa: je, njia inavumilia wanafunzi 70? Lugha, kwa kuwa mtoto wa Kidato cha Kwanza ametoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili na ghafla yote yamekuwa Kiingereza. Mwisho, kinachobaki: mashine ikizimwa, mwanafunzi ana nini kichwani?

Bei sikuiweka peke yake. Programu zote nitakazozitaja ni za bure. Kinacholiwa ni vifaa, na muda wako.

1. Bila kompyuta

Hapa unatumia chaki, karatasi za manila, uwanja na miili ya wanafunzi. Njia hii ilipewa umbo la mtaala miaka ya 1990 huko New Zealand na Tim Bell na wenzake, na mazoezi yao yamesambaa dunia nzima.

Vifaa. Manila tano na maka peni. Umeme ukikatika, hakuna atakayejua.

Maandalizi. Hakuna cha kusakinisha, lakini usidanganyike kwamba ni njia ya mteremko. Zoezi lisilofikiriwa vizuri linageuka mchezo wa mapumziko, na mwalimu wa darasa jirani atakuja kugonga dirisha. Mimi huandika kwanza swali moja ninalotaka walijibu mwishoni, ndipo natafuta mchezo.

Darasa kubwa. Hapa ndipo inapong'ara. Chukua kadi nane zenye alama za mtihani, wape wanafunzi nane wasimame mbele. Sheria ni moja: mnaruhusiwa kulinganisha kadi mbili tu kwa wakati mmoja, na katibu anahesabu kila ulinganisho ubaoni. Kundi la kwanza linatafuta aliye mdogo kuliko wote, linamweka pembeni, linarudia kwa waliobaki. Itachukua mara 28. Kundi la pili linajigawa wawili wawili, kila jozi inajipanga, kisha jozi zinaunganishwa kuwa safu za wanne, na safu mbili za wanne kuwa moja ya wanane. Haitazidi mara 17. Waulize sasa: ingekuwa karatasi 64 je? Njia ya kwanza inafika 2,016, ya pili haivuki 321. Nimeona darasa la watu 60 likinyamaza kwa hesabu hiyo. Hawakuwa wameigusa kompyuta hata moja, na tayari walishajua kwa nini njia moja ya kupanga ni bora kuliko nyingine, na kwamba tofauti inakua kadiri kazi inavyokua.

Lugha. Kiswahili, Kichaga, mikono, chochote. Istilahi ya Kiingereza itakuja ikiwa na mahali pa kukaa.

Kinachobaki. Kingi, ila kuna shimo moja. Binadamu anayefuata maelekezo yako anakuonea huruma. Ukisahau hatua, anaijaza mwenyewe. Siku ya mfongo niliwaambia waandike utaratibu wa zamu za maji kwa vihamba vinne, kuanzia alfajiri hadi jioni. Kila kundi likaleta orodha nzuri ya majina na saa. Nikauliza: "Mwenye zamu ya pili asipotokea?" Kundi moja likasema anapelekwa mwisho. Jingine likasema hapana, maji hayasubiri, anayefuata anachukua na aliyechelewa amekosa mpaka kesho. Msichana mmoja wa Kibosho akauliza swali ambalo mimi sikuwa nalo: "Na wakikosekana wawili mfululizo?" Utaratibu wao wote ukakwama pale pale. Lakini uligundulika kukwama kwa sababu nilikuwepo kuuliza. Kompyuta ingewakwamisha yenyewe, bila mwalimu, na bila huruma. Hilo ndilo linalokosekana katika njia hii.

Tena kuna wazazi. "Mbona tumechangia kompyuta na mtoto anarudi na kadi za manila?" Jiandae na jibu.

Inamfaa mwalimu mwenye darasa kubwa, umeme wa mashaka, au asiyejiamini bado mbele ya mashine. Inamfaa pia mwenye kila kitu lakini anaanza na watoto wapya kabisa.

2. Scratch

Hii ni programu iliyotoka chuo kikuu cha MIT huko Marekani mwaka 2007, iliyotengenezwa na timu ya Mitchel Resnick. Mwanafunzi haandiki maneno, anaburuta vitofali vya rangi na kuviunganisha, na paka aliye kwenye skrini anatii.

Vifaa. Kompyuta inahitajika, intaneti si lazima. Unapakua mara moja mahali penye mtandao, unabeba kwenye flashi, unasakinisha mashine moja moja. Toleo la 3, lililotoka Januari 2019, linataka mashine yenye nguvu kiasi. Kwenye zile za msaada zilizochoka, toleo la zamani la 1.4 bado linakwenda vizuri. Nimewahi kupoteza Jumamosi nzima nikilazimisha toleo jipya kwenye mashine za shule moja, hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nalala hapo.

Maandalizi. Siku mbili tatu za kuchezea mwenyewe zinatosha kuanza. Kitofali kisichofaa hakiingii, kwa hiyo huhangaiki na koma iliyosahaulika.

Darasa kubwa. Wanafunzi watatu kwa mashine moja ndio ukomo wangu. Wanne, mmoja anaangalia dirishani. Weka zamu ya kipanya kila dakika kumi, la sivyo anayejua ataikalia mashine kipindi kizima. Mwenye mashine 7 na wanafunzi 71 afanye hesabu: ni zaidi ya kumi kwa mashine. Haiwezekani, labda ugawe darasa na nusu wafanye zoezi la manila nje.

Lugha. Hapa Scratch ina jambo ambalo walimu wengi hawalijui. Ukitafuta chaguo la lugha juu ya skrini, Kiswahili kimo. Tafsiri nyingine utazikunia kichwa, lakini mtoto wa Kidato cha Kwanza anasoma kitofali na kuelewa kinafanya nini. Mimi huwaanzisha kwa Kiswahili na kubadilisha kuwa Kiingereza kufikia wiki ya nne, programu ile ile, bila kugusa kitofali. Wanaona kwa macho yao kwamba wazo halikubadilika, jina tu.

Kinachobaki. Zoezi langu nilipendalo ni daladala ya Moshi kwenda Marangu. Gari linatoka stendi, linasimama Kiboriloni, Uchira, Himo, linaishia Marangu Mtoni. Kila kituo wengine wanapanda, wengine wanashuka, na kuna kihesabio kinachoitwa "abiria". Programu ya kwanza ya kundi moja ilifika Marangu ikiwa na abiria hasi 3. Vijana wakacheka, wakamtania konda wao. Kisha wakaanza kutafuta: mbona Himo wanashuka watano wakati garini wamo wawili? Hakuna sharti. Waliligundua wenyewe, kwa sababu mashine ilifanya walichosema na si walichokusudia. Tazama tena mfongo: ni somo lile lile, ila sasa mimi nilikuwa nimekaa nyuma.

Jukwaa la paka pia lina mhimili wa x na wa y, kutoka hasi 240 hadi 240 na kutoka hasi 180 hadi 180. Mwalimu wa hisabati, hapo umepewa jometri ya kuratibu bure.

Kasoro yake? Rangi na sauti. Kundi linaweza kumaliza dakika 80 likimvalisha paka suruali. Na Kidato cha Tatu wakishaona paka, wengine wanajiona wamerudishwa chekechea. Ukibadilisha paka kwa bajaji wanatulia kidogo, si sana.

Inafaa Kidato cha Kwanza na cha Pili, penye mashine za kutosha, na mwalimu ambaye si mtaalamu.

3. Python

Lugha halisi ya kuprogramu, ya mwaka 1991, kazi ya Mholanzi Guido van Rossum. Inatumika vyuoni na makazini, na haikuitwa kwa jina la chatu bali la kundi la wachekeshaji wa Uingereza. (Sipendi kuita kazi hii "kuandika kodi". Mzazi akisikia mwanawe anajifunza kodi anadhani amepata nafasi TRA.)

Vifaa. Cha kushangaza, ni nyepesi. Mashine dhaifu inaiendesha. Ninapendekeza Thonny, programu ya bure iliyotoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Inakuja na Python ndani yake, na inakuruhusu kuendesha mstari mmoja mmoja huku ukitazama thamani zikibadilika. Kwa mwanafunzi, hiyo ni kama kumwona fundi saa akifungua mgongo wa saa.

Maandalizi. Hapa ndipo bei ilipo. Lazima uwe umeshaandika programu zako mwenyewe, ukakosea, ukarekebisha. Wanafunzi watakuletea makosa ishirini tofauti kwa wakati mmoja: mabano hayakufungwa, nukta pacha imesahaulika, mstari umesogezwa nafasi tatu badala ya nne. Kama hujazoea kuyasoma makosa hayo, kipindi kitakuzidi.

Darasa kubwa. Gumu. Wawili kwa mashine, mmoja akiandika na mwingine akisoma kwa sauti, na mwalimu wa pili akizunguka.

Lugha. Maneno ya amri ni ya Kiingereza, na ujumbe wa makosa pia. Ila majina ya vitu vinavyobeba thamani ndani ya programu ni yako: alama, daraja, jumla. Nasisitiza yawe ya Kiswahili. Mwanafunzi anayesoma programu yake anatofautisha mara moja neno la lugha na neno lake.

Kinachobaki. Nina zoezi moja linalotosha kueleza faida yote. Wape kazi ya kugeuza alama kuwa daraja kwa utaratibu wa Kidato cha Nne wanaoujua: A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. Kundi moja lilianza na sharti la chini: kama alama ni 30 au zaidi, daraja ni D, kama sivyo, angalia 45, kama sivyo, angalia 65. Kila sharti, likitazamwa peke yake, ni sahihi. Wakaingiza 82. Ikatoka D. Hakuna kosa lililoripotiwa, mashine imeridhika kabisa, ila mwanafunzi bora wa darasa amepata D. Walibishana robo saa kabla mmoja hajasema, "Themanini na mbili ni zaidi ya thelathini. Ameshikwa mlango wa kwanza." Wakapindua mpangilio, wakaanza na 75. Hilo la mpangilio wa masharti hakuna aliyelisahau, naamini hata atakayekuwa mwanasheria.

Kasoro: anayeanza bila msingi anaishia kunakili. Nimewaona vijana wenye daftari zima la Python iliyonakiliwa ubaoni kwa mwandiko mzuri, wasioweza kueleza mstari mmoja. Ni ugonjwa wetu wa zamani umevaa nguo mpya.

Inafaa Kidato cha Tatu kwenda juu, wanaosoma kompyuta kama somo, au klabu yenye hamu. Inamtaka mwalimu aliyejiandaa.

4. micro:bit

Nitakuwa mfupi, kwa sababu wengi wenu hamtakuwa nayo wiki ijayo. Ni kibao kidogo cha kuprogramu kilichoanzishwa na BBC na kugawiwa kwa wanafunzi wa Uingereza mwaka 2016: taa ndogo 25, vitufe viwili, kihisi cha mwendo, kihisi cha joto.

Vifaa. Betri mbili ndogo zinakiendesha, lakini kompyuta bado unaihitaji ili kukiwekea programu. Vibao lazima viagizwe, na nyaya ndizo zinazopotea kwanza.

Maandalizi. Ya kati. Unaweza kuprogramu kwa vitofali kama vya Scratch au kwa Python.

Darasa kubwa. Vibao kumi vinatosha watu thelathini. Zaidi ya hapo vinakuwa vya kutazamwa.

Lugha. Panga kufundishia Kiingereza.

Kinachobaki. Mwanafunzi anaona programu yake ikitoka kwenye skrini na kuingia mkononi. Tulipima joto chini ya migomba na katikati ya uwanja wa mpira, na namba zikatofautiana na kipimajoto cha maabara. Sababu: kihisi kimekaa ndani ya kichakataji chenyewe, na kichakataji kinapata joto kikifanya kazi. Mwalimu wa fizikia alitaka kukitupa. Mimi naona hilo ndilo lilikuwa somo zuri la siku ile.

Inafaa klabu ya watu wachache, shule yenye maabara inayotumika, au mradi wa sayansi.

Sasa wewe, kwa hali yako

Kama una wanafunzi 70 na mashine zisizofika 10, usifungue chumba cha kompyuta kwa wiki nane za mwanzo. Kipindi kimoja kwa wiki cha manila na uwanja, cha dakika 40, kinachofanyika kweli, kinazidi vipindi vya Scratch vinavyoahirishwa kila TANESCO wakikata. Baada ya hapo gawa darasa, nusu ndani, nusu nje. Hilo ndilo jibu nililompa yule wa Pasua.

Kama una mashine 25 au 30 zinazowaka na Kidato cha Kwanza au cha Pili, anza na Scratch, lakini kila mada ianze kwa dakika kumi bila mashine. Mfongo kabla ya daladala. Hilo ndilo la Kibosho.

Kama wanafunzi wako wako Kidato cha Tatu au cha Nne na wana mtihani wa kompyuta mbele yao, Python, bila kupitia kwa paka. Kama hawajawahi kupanga hatua za kitu chochote, tumia wiki mbili za kwanza kwa kadi na karatasi; hawatajiona watoto ukiwapa mfano wa kupanga madaraja ya NECTA.

Kama kuna mfadhili anayeuliza anunue nini, na chumba cha kompyuta tayari kinafanya kazi, micro:bit kumi zina maana. Kama chumba chenyewe hakina umeme wa uhakika, mwambie ukweli: alipie kwanza nyaya, betri za sola na kufuli.

Kama wewe si mwalimu wa kompyuta bali wa hisabati, jiografia au hata Kiswahili, huhitaji ruhusa ya mtu yeyote kutumia njia ya kwanza ndani ya somo lako. Kupanga hatua za kutatua mlinganyo, au masharti ya upatanisho wa ngeli, ni kazi ile ile.

Na kama wewe ni mzazi mwenye laptopu moja nyumbani na watoto wawili wanaoigombania likizo, weka Scratch kwa Kiswahili, uwape daladala ya kutoka kwenu hadi kwa bibi, na uwaambie ukirudi jioni unataka kujua gari limefika na abiria wangapi.